AFYA YA JAMAA: Aliyeumia kifuani asingojeshwe



Katika ukurasa huu tumezoea kusema habari za homa za watoto, za maji safi na za chakula cha mama mwenye mimba. Leo twaacha magonjwa, twasema habari za ajali. Tutaanza na jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu, ambalo halijatutoka moyoni.

Kijana mmoja wa miaka 19 alipanda mchikichi kukata ngazi. Kamba ikakatika, akaanguka, ubavu wake wa kuume ukapiga gogo. Akainuka mwenyewe, akatembea mpaka nyumbani, akasema: «Naumwa kidogo tu.» Jamaa zake wakamfunga kifua kwa kitambaa, wakakaza sana, wakamlaza. Jioni pumzi yake ikawa fupi. Wakampakia juu ya pikipiki, wakafika hospitalini usiku. Daktari akakuta damu na hewa ndani ya kifua, akaomba ruhusa ya kumtia mpira ubavuni. Baba mdogo wa kijana akakataa. Alisema: «Mbavu zake zimekwisha kuvunjika, nanyi mwataka kumtoboa tena? Ngojeni kwanza kaka yangu afike.» Kaka yake alifika kulipokucha. Kijana alikuwa amekwisha kufa.

Tusimhukumu baba mdogo yule. Alimpenda mtoto kuliko sisi tunavyoweza kusema, na kwa upendo huohuo alimkinga na kisu. Tena daktari alikuwa amechoka. Alisema maneno machache tu, na nusu ya maneno hayo yalikuwa ya Kifaransa. Baada ya maziko, baba mdogo alituuliza swali moja: «Kwa nini hakuna aliyetueleza mambo haya kabla hayajatupata?» Makala hii ndiyo jibu letu. Imechelewa kwake. Twaomba isichelewe kwa jamaa nyingine.

KIFUA NI KAMA MIVUKUTO YA MHUNZI

Wazee wetu waliomwona mhunzi kazini wataelewa upesi. Mhunzi anapoinua ngozi ya mivukuto, hewa huingia. Anapoishusha, hewa hutoka, na moto huwaka. Kifua cha mtu hufanya kazi namna hiyohiyo. Mbavu, jozi 12, ndizo ukuta wa nyumba. Chini yake kuna kiwambo, yaani msuli mpana ulio kama dari kati ya kifua na tumbo. Tukivuta pumzi, mbavu huinuka na kiwambo hushuka. Nyumba huwa kubwa, na mapafu mawili hufunguka na kujaa hewa. Tukishusha pumzi, nyumba hurudi kuwa ndogo.

Basi, pafu halina nguvu ya kujifungua lenyewe. Hushikana na ukuta wa kifua kwa utando mwembamba wenye unyevu, kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa maji vinavyokataa kuachana. Hewa ikiingia kati ya utando na utando, mshikamano ule huvunjika, na pafu hunywea kama kibofu cha mpira kilichotoboka. Damu ikiingia mahali hapo, pafu hukosa nafasi vilevile. Mivukuto imeharibika, moto wazimika.

Mbavu zenyewe zikivunjika moja au mbili huunga zenyewe kwa majuma sita hivi. Mara nyingi hatari kubwa haimo katika mfupa, imo katika yale yaliyo nyuma ya mfupa. Kwa watoto mambo haya hufichika zaidi, kwani mbavu zao ni laini na hupinda bila kuvunjika. Mtoto aweza kuwa na pafu lililopondeka, na wala hana ubavu hata mmoja uliokatika.

MAMBO MATANO YAUAYO UPESI

Waganga wapasuaji hufundishwa kutafuta kwanza mambo machache, kwa sababu hayo huua kwa dakika au kwa saa, si kwa siku.

La kwanza ni hewa iliyofungiwa. Jeraha la pafu hufanya kazi kama vali ya baiskeli: kila pumzi huingiza hewa kifuani, lakini hewa hiyo haitoki. Hewa huzidi kujaa, husukuma moyo upande wa pili, na damu irudiyo moyoni huzuiwa njiani. Mgonjwa huhangaika, upande mmoja wa kifua haupandi wala haushuki, mishipa ya shingo mara nyingi huvimba, na presha ya damu huanguka.

La pili ni tundu wazi. Kisu, risasi, au pembe ya ng'ombe imetoboa ukuta, na hewa huingia kwa tundu hilo badala ya kupita puani na kinywani. Husikika sauti ya kufyonza.

La tatu ni damu nyingi. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, na upande mmoja wa kifua waweza kumeza zaidi ya nusu yake bila tone moja kuonekana nje. Ndiyo maana twasema: usipime jeraha la kifua kwa damu iliyo juu ya nguo.

La nne ni damu iliyoufunga moyo. Moyo umo ndani ya mfuko mgumu usionyumbuka upesi. Damu kidogo, kiasi cha kikombe kimoja, ikiingia ghafula ndani ya mfuko huo, moyo hubanwa na kushindwa kupiga.

La tano ni ukuta uliolegea. Mbavu tatu au zaidi zikivunjika kila moja mahali pawili, kipande cha ukuta huachana na nyumba; mgonjwa akivuta pumzi, kipande hicho huingia ndani, wengine wakitoka. Pafu lililo chini yake huwa limepondeka, na maumivu humzuia mgonjwa asikohoe.

MKONO NA SIKIO KABLA YA PICHA

Huenda mtu akauliza: daktari ayajuaje haya yote, ikiwa mashine ya eksirei imeharibika au umeme umekatika? Huyajua kwa macho, kwa mkono na kwa sikio. Hutazama kama pande zote mbili za kifua zinapanda sawasawa. Huweka mkono, asikie mifupa inayosagana. Huweka chombo cha kusikilizia. Kisha hugonga kifua kwa vidole.

Ufundi huu wa kugonga una historia nzuri. Leopold Auenbrugger, mganga wa mji wa Wien huko Austria, aliuandikia kitabu mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na watu husimulia kwamba mtoto alijifunza kwa kugonga mapipa ya divai ili kujua yamebaki kiasi gani. Je, mama zetu hawagongi pipa la mawese kwa njia hiyohiyo? Kifua chenye hewa nyingi mno hulia kama ngoma. Kifua chenye damu hulia kizito, kama mtungi uliojaa. Siku hizi iko pia ekografia, mashine ndogo iwezayo kuonyesha damu kando ya moyo kwa muda mfupi. Lakini hewa iliyofungiwa haingoji mashine. Daktari aliyeitambua kwa mkono na sikio, na mgonjwa yu karibu kufa, hana ruhusa ya kungoja picha. Huchoma sindano nene kati ya mbavu, hewa ikatoka kwa sauti, na mgonjwa akapata nafasi ya kutiwa mpira.

MPIRA NA CHUPA

Sasa tumefika penye neno lililomtisha baba mdogo. Mpira huo ni nini?

Mgonjwa hulazwa, au huketi akiegemea, mkono wake umeinuliwa juu ya kichwa. Daktari husafisha ngozi chini ya kwapa, usawa wa chuchu, kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu au karibu nayo. Huchoma dawa ya ganzi, kisha hukata ngozi urefu wa kama sentimita tatu. Hupita juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imefichwa kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Hufungua njia polepole kwa koleo butu, hutia kidole ahakikishe yumo mahali pake, hatugusi tumbo wala ini, kisha huingiza mpira mnene kama kidole na kuushona katika ngozi.

Mwisho wa pili wa mpira huingia katika chupa yenye maji safi, na ncha yake huzama sentimita mbili hivi chini ya maji. Hapo ndipo hekima yote ilipo. Hewa iliyofungiwa hutoka kwa mapovu, wala haiwezi kurudi, kwa sababu maji yameuziba mlango. Damu nayo hushuka, ikapimwa. Pafu hufunguka tena. Gotthard Bülau, mganga wa Hamburg huko Ujerumani, alitumia namna hii ya mpira na maji tangu miaka ya 1870, akiwatibu wenye usaha kifuani; hata leo, pamoja na mashine zote za hospitali kubwa, kanuni ni ileile.

Wasomaji wapenzi, tia maanani hesabu hii. Katika watu walioumia kifua kwa kuanguka au kugongwa, walio chini ya 10 kwa 100 ndio wanaohitaji kufunguliwa kifua. Katika waliochomwa kisu au kupigwa risasi, ni kati ya 15 na 30 kwa 100. Wengine wote hupona kwa mpira, kwa dawa ya maumivu, kwa oksijeni na kwa uangalizi. Kumbe yule aliyekataa tundu dogo la mpira, akidhani amemwokoa mtoto na upasuaji mkubwa, alikataa dawa yenyewe.

NI LINI KIFUA HUFUNGULIWA

Zipo hali ambazo mpira hautoshi. Mpira ukiwekwa na damu lita moja na nusu ikatoka mara moja, au ikiwa baadaye yatoka zaidi ya mililita 200 kila saa kwa saa mbili mpaka nne, basi mshipa mkubwa umekatika, na mpasuaji hana budi kuingia. Hali kadhalika moyo uliobanwa na damu.

Zamani wapasuaji wengi waliamini kwamba moyo hauguswi. Tarehe 9 Septemba 1896, huko Frankfurt, Ludwig Rehn aliletewa kijana mtunza bustani aliyechomwa kisu siku mbili kabla. Alimfungua kifua, akaona tundu la moyo likivuja, akalishona kwa nyuzi tatu za hariri, moyo ukiwa unapiga chini ya vidole vyake. Kijana akapona. Rehn hakuwa bingwa wa moyo, kwani mabingwa wa namna hiyo hawakuwako bado. Alikuwa mpasuaji wa kawaida aliyethubutu, kwa sababu kutothubutu kulikuwa ni kifo cha hakika.

Tena mpasuaji mwenye busara hakumbuki kifua tu. Tukishusha pumzi yote, kiwambo hupanda mpaka usawa wa chuchu. Kwa hiyo kisu kilichoingia chini ya chuchu huenda kimegusa kifua na tumbo pamoja, ini au wengu. Ndiyo maana huwaona wakitazama na tumbo la mtu aliyechomwa ubavuni.

Na damu je? Mahali ambapo akiba ya damu ni kidogo, ipo njia iliyookoa wengi: damu iliyojikusanya kifuani, ikiwa ni mpya na haikuchafuliwa na matumbo yaliyotoboka, huchotwa katika chombo safi chenye dawa ya kuizuia isigande, huchujwa, na kurudishwa katika mishipa ya mgonjwa yuleyule. Hata hivyo mara nyingi haitoshi. Ndugu wanaojaa uani wakilia wangemsaidia mgonjwa zaidi kama wawili watatu wao wangenyosha mkono watolewe damu.

BINGWA YUKO MBALI

Nchi yetu ya Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519. Katika zoni nyingi hakuna mpasuaji aliyesomea kifua peke yake. Yuko daktari mmoja au wawili ambao asubuhi humzalisha mama kwa upasuaji, adhuhuri hushona ngiri, na usiku hupokea aliyepigwa risasi. Watu wengine humdharau, wakisema: «Mpelekeni mgonjwa mjini kwa mabingwa.» Twawauliza: mji uko umbali gani, na njia ni ya namna gani wakati wa mvua? Hewa iliyofungiwa haingoji feri wala gari kukwamuliwa matopeni. Kwanza mpira, ndipo safari.

Hata katika nchi tajiri walijifunza hivyo kwa uchungu. Mwaka 1976 daktari mmoja mpasuaji wa mifupa, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo katika jimbo la Nebraska, Marekani. Mkewe alikufa, na watoto wake wakaumia vibaya. Katika hospitali ndogo ya shamba aliona kwamba waganga hawakujua waanze wapi. Kutokana na msiba huo yakazaliwa mafunzo, yaliyofundishwa mara ya kwanza mwaka 1978, ambayo leo yameenea ulimwenguni: kwanza njia ya hewa, kisha pumzi, kisha damu, kila jambo kwa zamu yake; na mganga yeyote, si bingwa peke yake, aweza kuyajifunza.

Huku kwetu mashariki vita imekuwa mwalimu mkali. Mwaka 2012 wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walianza kazi katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, na waganga Wakongomani wamefanya kazi pamoja nao kwa miaka, wakiyatibu majeraha ya risasi na mabomu. Maarifa waliyoyapata hayakuwa ya mashine za ajabu. Ni kutambua upesi, kutia mpira, kusafisha jeraha, kutuliza maumivu, na kuangalia chupa usiku kucha.

YATUPASAYO SISI

Nyumbani na njiani tushike mambo haya.

Usiching'oe kisu wala kijiti kilichochoma kifua, kifunge kisitikisike. Huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Usimfunge mgonjwa kifua kwa kukaza. Hata vitabu vya zamani vya matibabu vilifundisha kufunga mbavu, lakini waganga wameacha, kwani kifua kilichofungwa hakipumui vema, na pafu lisilofunguka huingia kichomi.

Jeraha linalotoka damu ligandamizwe kwa kitambaa safi. Lakini tundu linalofyonza hewa usilizibe kabisa kwa nailoni au kwa kitambaa kilicholowa, usije ukaifungia hewa ndani. Liache wazi, mwuguzi ataweka kifuniko kilichobandikwa pande tatu, upande wa nne ukiwa mlango wa hewa.

Mwache mgonjwa akae namna anavyopumua vizuri. Wengi hupenda kuketi wakiegemea. Usimpe chakula wala pombe. Na aliyeanguka kwa nguvu, ingawa asema «naumwa kidogo tu», apelekwe. Kifua chaweza kujaa polepole.

Hospitalini, chupa ikae daima chini ya kifua cha mgonjwa. Usiiinue juu ya kitanda, usiipindue, usibane mpira bila kuambiwa. Ukiona mpira umechomoka, mwite mwuguzi mbio. Mhimize mgonjwa avute pumzi ndefu, akohoe akiwa ameshika mto ubavuni, na atembee chupa mkononi. Omba dawa ya maumivu bila haya: asiyeumwa hukohoa, na akohoaye husafisha mapafu. Mara nyingi mpira hutolewa baada ya siku chache, pafu likiisha kufunguka.

Kwa waganga wetu nasi tuna neno, na twalisema kwa heshima. Mwelezeni mzee kwa lugha aijuayo. Mwonyesheni chupa na maji. Maelezo ya dakika mbili si kupoteza wakati. Kijana wetu alipoteza usiku mzima kwa kukosa dakika hizo mbili. Nanyi wazee wa jamaa, kateni shauri sasa, mkiwa wazima na watulivu: ni nani atakayesema «ndiyo» usiku, ikiwa baba mkubwa yuko safarini? Wahenga walisema: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kifua, ngoja ngoja huua.

Ninyi wanafunzi, msomeeni makala hii bibi na babu jioni ya leo, kisha chukueni chupa, maji na mrija, mvuvie humo. Mtaona mapovu yakitoka, na mkivuta kidogo mtaona maji yakipanda mrijani. Ndivyo yanavyopanda na kushuka katika mpira wa mgonjwa kwa kila pumzi. Waugzuzi huyatazama usiku, taa mkononi: maji yakicheza, mpira u wazi, na njia ya pumzi yafanya kazi.

Baba mdogo yule alituomba tusitaje jina lake wala kijiji chake. Alituomba tuandike.